Ndungo: Jina la Mvulana wa Saba

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, katika somo la fasihi simulizi, tulijadili majina ya watu kama utanzu wenye kustahili uchambuzi. Kila mmoja aliombwa aeleze jina lake. Mwenzangu mmoja, ambaye si Mkonzo, alisema kuwa majina ya watu wa Kasese hayana cha kuchambua kwa sababu ni nambari tu: wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, basi. Darasa lilicheka, nami nikacheka pamoja nao. Makala haya ni jibu ambalo sikulitoa siku ile. Nimeamua kulijenga juu ya jina ambalo hata sisi Wakonzo hulisikia kwa nadra, yaani Ndungo.

Kwa msomaji asiyeufahamu mpangilio wetu, mvulana wa kwanza wa mama huitwa Baluku, au Mumbere, au Nzanzu. Wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa, na wa saba ndiye Ndungo. Wasichana nao wana safu yao inayoanza na Masika. Liko pia jina Muhindo, apewalo mtoto anayegeuza mfululizo, kama mvulana aliyezaliwa baada ya wasichana. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, kwa ndugu zetu Wanande wa Kongo, Baluku anakuwa Paluku, Bwambale anakuwa Kambale, Masereka anakuwa Kasereka, Kule anakuwa Kakule na Thembo anakuwa Katembo. Siku ya soko pale Mpondwe, ukisikia mtu akiitwa kwa sauti unajua mara moja ametoka upande gani wa daraja. Lakini Mbusa na Ndungo huvuka mpaka bila kubadilika hata herufi moja.

Yale majina ya mwanzo yameenea mno. Katika shule niliyosoma karibu na Bwera, darasa letu moja lilikuwa na akina Baluku wanne na akina Bwambale watano. Mwalimu alilazimika kuwatenganisha kwa njia zake: Baluku mrefu, Baluku wa Kisinga, Baluku wa Karambi, na yule wa nne aliitwa Baluku mwingine hadi tukamaliza darasa la saba. (Bado namwita hivyo, na haoni vibaya.) Majina haya yamefika pia kwenye magazeti. Omusinga wa Rwenzururu ni Charles Wesley Mumbere. Gavana wa Kivu Kaskazini kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa Julien Paluku. Na Mbusa Nyamwisi alijulikana kotekote katika vita na siasa za Kongo. Ndungo hakuwahi kuhitaji jina la kumtofautisha, kwa kuwa darasani kwetu hakuwapo hata mmoja.

Sasa nirudi kwa mwenzangu na nambari zake. Kosa lake la kwanza ni la kilugha. Majina ya nambari yapo kweli katika Afrika Mashariki, na Kiswahili chenyewe kinayo. Pwani na Zanzibar utawakuta Mosi, Pili na Tatu, na yeyote anayejua kuhesabu anaielewa maana yake papo hapo. Huko Burundi, Nyandwi ana saba ndani yake na Minani ana nane. Mrundi yeyote anaisikia. Majina yetu hayako hivyo. Huwezi kulipasua jina Bwambale ukatoa mbili ndani yake, wala Masereka ukatoa tatu, wala Ndungo ukatoa saba. Maana ya Ndungo haimo katika mzizi wa neno, imo katika orodha ya wale waliomtangulia. Ukimwona peke yake hasemi lolote. Ukimweka nyuma ya Mbusa, anasema yote. Kwa hiyo zile orodha fupi zinazoandika kuwa "Ndungo maana yake ni saba" zinakosea, ingawa kosa lenyewe ni dogo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Tunapochambua riwaya tunafundishwa kuuliza jina la mhusika linasema nini juu yake. Kwa Shaaban Robert kazi hiyo ni rahisi: Utubora, Adili na Karama wamebeba tabia zao usoni. Jina la Kikonzo halisemi neno juu ya tabia ya mwenye jina. Linasema juu ya mama yake. Hesabu ni ya mama, si ya baba. Mwanamume mwenye wake wawili anaweza kuwa na Baluku wawili chini ya kilima kimoja, na hakuna anayeshangaa. Ndungo, kwa hiyo, ni habari ya mwanamke aliyejifungua wavulana saba. Nafikiri hiyo si nambari tu.

Hapa inanibidi nijitaje. Mimi ni Kule. Nyumbani kwetu wavulana ni wawili, kaka yangu Bwambale na mimi. Msomaji aliyeufuata mpangilio wa hapo juu ameshaona pengo. Baluku na Masereka walizaliwa, wakapewa majina yao, wakafa kabla ya kutimiza mwaka. Katika fomu ya kuombea karo kulikuwa na mstari wa kuandika idadi ya ndugu, nami niliandika wa kiume mmoja, kwa sababu fomu ilitaka walio hai. Sikudanganya. Lakini mzee yeyote wa Bwera akisikia kuwa kwa mama fulani wapo Bwambale na Kule pekee, hahitaji kuuliza, na kwa adabu hatauliza. Jina langu limewahifadhi watu wawili ambao hawana picha wala cheti popote. Siku ile darasani nilicheka juu ya jambo hili, na ndilo linaloniuma.

Ndungo niliyemfahamu alikuwa mmoja tu, baba yangu mdogo. Bibi alizaa watoto kumi na mmoja, wavulana saba na wasichana wanne, na yeye ndiye aliyekuwa wa saba. Alinunua kahawa vijijini akaipeleka Kasese mjini kwa pikapu ya kukodi, na kila alikofika watu walimuuliza, "Wote sita wapo?" Alikuwa akijibu kwa kuwataja mmoja mmoja, kuanzia Baluku, hata akiwa na haraka.

Uhaba wa jina lake hauna siri. Ili mama apate wavulana saba, kwa wastani atahitaji kuzaa mara kumi na nne. Mwaka 1995 uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa Uganda ulionyesha wastani wa watoto 6.9 kwa mwanamke. Mwaka 2016 ulikuwa 5.4, na mwaka 2022 ukashuka hadi 5.2. Hata enzi za bibi, Ndungo alikuwa wa kutafutwa. Kwa rika langu, sijui msichana hata mmoja anayetaka kumzaa, wala simlaumu. Mbusa naye atafuata. Thembo ataonekana kwa taabu. Baluku watajaa tele.

Baba mdogo alifariki mwaka 2021. Miezi michache baadaye kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, alipata mtoto wake wa kwanza, mvulana, akamwita Ndungo. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. Alisema tukilisubiri jina lifike kwa zamu yake, halitafika tena, na baba mdogo atakuwa wa mwisho. Alinikumbusha pia kwamba wazee wetu, walipokuwa chini ya ufalme wa Toro, wengi walichukua majina ya Kitooro ili wapite shuleni na maofisini, na kwamba kupigania Rwenzururu kulikuwa pia kupigania haki ya kuitwa kwa majina yetu. Iweje sasa tuliache moja life kwa kufuata kanuni?

Bibi hakubishana juu ya historia. Alisema hivi: "Mjukuu wangu, mgeni akija akamkuta Ndungo anacheza peke yake uani, atawatafuta sita. Asipowaona, atatupa pole. Unataka tupewe pole ya watu ambao hawakufa?"

Nimelipima jibu hilo mara nyingi, na nimekosa la kulipinga. Mtu anaweza kusema kuwa pwani msichana huitwa Pili kwa sababu bibi yake aliitwa Pili, na hakuna aliyedhurika. Ni kweli, lakini pale hakuna anayelitumia jina kuhesabu makaburi. Kwetu bado wapo wanaohesabu, na mama yangu ni mmoja wao. Ikiwa Ndungo anaweza kuwa wa kwanza, basi Kule naye anaweza kuwa wa pili, na wale wawili wetu wanafutika. Naona afadhali jina liwe adimu, hata lisimame kabisa, kuliko liendelee likiwa limeacha kusema kweli. Kaka yangu anajua kuwa sikubaliani naye, na bado tunakula meza moja.

Walipatana nusu. Katika cheti cha kuzaliwa mtoto aliandikwa Baluku Ndungo. Mkonzo akiyasoma majina hayo kwa mfuatano huo anaelewa kuwa la kwanza ni lake na la pili ni la mtu aliyemtangulia. Hata hivyo kadi yake ya chanjo, iliyojazwa mapema, ina Ndungo peke yake, na mwalimu wake wa chekechea alinakili kutoka kwenye kadi. Shuleni anaitwa Ndungo. Bibi humwita Baluku, na humwita mara nyingi kuliko anavyomhitaji.