Siti binti Saad Kati ya Santuri na Wasifu: Swali la Utunzi

Historia za fasihi ya Kiswahili humtaja Siti binti Saad zaidi mahali pawili: katika sura ya taarab, kama mwimbaji, na katika sura ya Shaaban Robert, kama mhusika wa Wasifu wa Siti Binti Saad. Katika sura ya watunzi ni nadra kumkuta. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo limetokana na mazoea ya kumpima mtunzi kwa kalamu, na kwamba Wasifu wenyewe, pamoja na ubora wake, umeyaimarisha mazoea hayo.

Habari za msingi zinafahamika. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, akaitwa Mtumwa. Alifinyanga na kuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini bila kujua kusoma wala kuandika. Taarab aliyoikuta huko ilikuwa ya kasri na ya vilabu kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa 1905, na lugha yake kuu ilikuwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Maalim Shaaban, waliipa Kiswahili.

Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sisi wanaisimu tumezoea kuusimulia mwaka huo kwa mkutano ule peke yake, kana kwamba Kiunguja kilienea kwa vitabu vya shule tu. Kilienea pia kwa santuri, mikahawani na barazani, nacho kilikuwa Kiunguja cha Ng'ambo, si cha kamati.

Tena santuri haikuwa chombo cha kubebea wimbo tu. Uso mmoja wa sahani ulichukua takriban dakika tatu. Wimbo wa hafla, unaorefushwa kwa kurudiwarudiwa na kwa kuwangoja watuzaji, ulilazimika kupunguzwa. Kuamua ubeti upi ubaki na upi uachwe ni kazi ya uhariri, hata kwa asiyejua alifu wala be.

Wimbo wa "Kijiti" unatosha kuwa mfano. Mwanamke mgeni anauawa, muuaji anavuka kwenda Mrima, na wanaoadhibiwa ni wanawake mashahidi. Kesi iliyofungwa mahakamani inafunguliwa tena mbele ya wasikilizaji, na mtuhumiwa anatajwa kwa jina. Hiyo ni habari, na ni habari yenye msimamo, katika mji ambao mwanamke wa Ng'ambo hakuwa na gazeti la kumsemea.

Itasemwa kwamba nyimbo hizo zilitungwa na kikundi katika mazoezi ya usiku nyumbani kwa Siti, na kwamba haiwezekani kutenga ubeti wake na wa Buda Swedi. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini gazeti nalo huandikwa na wengi, wala hatumnyimi mhariri wake nafasi.

Shaaban Robert alizungumza na Siti muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1950. Wasifu ukatoka 1958. Kila tukio humo huelekezwa kwenye funzo: subira, unyenyekevu, ushindi juu ya husuda. Sauti inayotawala ni ya Shaaban, kwa ile mizani yake ya sentensi tunayoijua katika insha zake. Maneno ya Siti mwenyewe ni haba. Msomaji humwona mja mwema kwa uwazi zaidi kuliko anavyomwona kiongozi wa kikundi cha wanaume, aliyeijua kazi yake na soko lake. (Ndiyo ada ya wasifu wa adili, Shaaban si wa kwanza.)

Wanahabari wamewatangulia wahakiki hapa. TAMWA, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilichoasisiwa 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Kwa upande wetu, kazi ya kwanza ni kuzinukuu sahani zilizosalia kama zilivyotamkwa, pamoja na sifa zake za kilahaja, bila kuzisanifisha.