Kamera ya Zamani Huhukumiwa kwa Negativu

Muuzaji wa kamera kuukuu, awe fundi saa mjini Mbarara au mwenye meza ya mitumba katika soko la Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, atavuta mkono wa filamu, atabonyeza kitufe, na shata ikilia atakuambia kamera ni nzima. Mlio huo hauthibitishi kitu. Kazi ya kamera ni kuacha negativu safi, yenye nuru ya kutosha hata kwenye vivuli, itakayoweza kuchapishwa tena wakati mpiga picha na aliyepigwa wote wameshaondoka duniani. Hicho ndicho kipimo changu, na sikubali kingine.

Mbarara yenyewe ina ushahidi wake. Musa Katuramu, mwalimu wa useremala, alianza kupiga picha za watu wa Ankole katika miaka ya 1930. Negativu zake zilitunzwa, na miongo mingi baadaye mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Canon Griffin, ukazitolea kitabu kizima katika mfululizo wa Ebifananyi. Kule Nakivale jambo hili la kutunza negativu lina uzito zaidi. Wengi walivuka mipaka kutoka Kivu au Burundi bila albamu ya nyumbani, na simu ikiibwa au ikiuzwa, picha huondoka nayo. Ukanda wa negativu unaenea kwenye mfuko wa shati.

Tuanze na kununua. Fungua mgongo wa kamera, toa lenzi ikiwa inatoka, weka shata kwenye sekunde moja, bonyeza huku ukihesabu. Kasi ndogo ndizo huharibika kwanza, kwa sababu mafuta ya ndani yameganda. Sekunde moja inayokwama au kuburuta inadai fundi. Kisha elekeza mgongo uliofunguliwa kwenye anga na ujaribu kasi ya juu kabisa: lazima uone mwanga ukipita. Usipouona, mapazia ya shata hayafunguki. Washa tochi ya simu, ipitishe kwenye lenzi kwa mshazari. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi ni ukungu, na ukungu ukishakula lenzi, iache. Gusa sifongo nyeusi ya ukingoni mwa mlango. Ikinata kidoleni, mwanga utavuja, ila hiyo hubadilishwa kwa gharama ndogo, kwa hiyo itumie kushusha bei.

Mwisho pitisha kidole kwenye bati linaloibana filamu. Watu hawalitazami, na katika nchi ya vumbi ndilo ningelitazama kabla ya lenzi. Chembe moja ya mchanga wa kiangazi cha wilaya ya Isingiro, iliko Nakivale, ikikaa pale, itachora mstari kwenye kila picha tangu ya kwanza hadi ya thelathini na sita.

Kuhusu majina: Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Shata yake haitegemei umeme. Betri ndogo ni ya mita ya mwanga tu, ikiisha unaendelea kupiga. Canon AE-1 ni nzuri, lakini bila betri yake ya volti 6 haipigi hata picha moja, basi jiulize utaipata wapi. Zenit-E ya Kisovieti ni nzito na ngumu, mita yake haitaki betri, ingawa kasi zake huanzia sehemu ya 30 ya sekunde na kuishia ya 500. Yashica Mat yenye lenzi mbili, ukiipata na kioo kisichokwaruzwa, chukua: negativu yake ya sentimita 6 kwa 6 hutoa uso wa mtu kwa utulivu ambao filamu ndogo haiufikii.

Kusafisha filamu nyumbani kuna maadui wawili, joto na maji machafu. Filamu ya rangi inataka nyuzi 38 bila kuyumba, hivyo anza na nyeusi na nyeupe. Ilford HP5 Plus katika dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huhitaji dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni karibu dakika 9. Maji yaliyolala ndani ya mtungi wa udongo hupoa vizuri, nami nayapenda kuliko barafu, maana hayashuki kwa ghafla. Yachemshe kwanza na uyachuje kwa kitambaa kizito.

Dawa ya dukani ikikosekana, ipo ya kahawa: kwa lita moja, gramu 54 za magadi ya kufulia, 16 za vitamini C ya unga, na 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka, kwa dakika 15 katika nyuzi 20. Hapa nchi ya Ankole ina bahati, kwa kuwa robusta ina asidi za kusafishia nyingi kuliko arabika ya bei kubwa. Usitumie magadi ya kupikia maharage; hayana usafi unaotakiwa.

Lakini fiksa, dawa ya kuidumisha picha, haina mbadala wa kuaminika jikoni. Inunue. Baada yake, unaposuuza filamu, usipoteze ndoo za maji: jaza tangi, ligeuze mara 5, mwaga; jaza, mara 10, mwaga; jaza, mara 20. Ilford wenyewe huelekeza hivyo, na inatosha. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake. Nakuomba usiimwage shambani wala karibu na ziwa. Itunze katika galoni yenye steel wool ya kusugulia sufuria, fedha itanasa humo.

Filamu ikikauka, soma ukingo wake kabla ya picha. Namba za kiwandani zikiwa nyeusi kabisa na picha zimefifia, dawa ilifanya kazi, mwanga haukutosha. Namba nazo zikififia, kosa ni la dawa au joto. Kisha tazama uso. Mtu mweusi akisimama mbele ya bati linalong'aa, mita hudanganyika na uso hubaki kioo kitupu kwenye negativu. Sogea karibu, pima mwanga usoni, rudi nyuma upige. Mimi hukataa negativu yoyote isiyo na shavu wala jicho, hata mawingu yawe mazuri namna gani.

Kwa hiyo usimlipe muuzaji fedha zote siku ya kwanza. Acha kiasi, piga filamu moja, isafishe, mrudie na ukanda mkononi mzungumze bei. Akikataa kabisa, mwachie kamera yake.