Istilahi za Heshima katika Vitabu vya Picha vya Watoto

Vitabu vya picha vinavyokusudia kumfunza mtoto kuwaheshimu wenzake walio tofauti naye ni kazi ya kupongezwa. Lakini kwa kuwa kitabu cha namna hiyo kina maneno machache, kila neno lake hubeba uzito mkubwa. Makala haya yanakusudia kuyapima baadhi ya maneno hayo.

Uzito huo huonekana bayana katika vijiji vya milimani wilayani Same. Huko watoto wengi huanza kusema Chasu nyumbani, na Kiswahili sanifu hukikuta hasa shuleni. Neno lililoandikwa chini ya picha hulipokea kuwa ndilo sahihi. Katika shule moja ya huko nilimsikiliza mwalimu akisoma kitabu kinachomhusu mtoto asiyeweza kutembea. Kila ukurasa ulimtaja kuwa “mtoto mwenye ulemavu wa viungo”, jina hakupewa. Wanafunzi walipoulizwa nani aliyewafurahisha, walijibu: “Yule mlemavu.” Mwandishi alitafuta istilahi ya heshima, watoto wakapata jina la kumbandika mwenzao.

Yafaa tukumbuke safari ya istilahi hii. Tulianza na kilema, tukaja mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, kama isemavyo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Aghalabu husemwa kwamba kiambishi ki- humshusha mtu hadi kwenye ngeli ya vitu. Hoja hiyo haijitoshelezi. Kijana, kiongozi na kinyozi wana ki- hiyohiyo, wala hawalalamiki. Tena twasema “kiziwi amefika”, hatusemi “kimefika”. Viziwi wenyewe wanacho Chama cha Viziwi Tanzania, ilhali wenzao wanacho Chama cha Wasioona Tanzania. Hawa wamelishika neno la zamani, wale wamelikataa kipofu. Kwa hiyo mwanaistilahi hana budi kuwauliza wenye hali kabla ya kuihukumu ngeli.

Liko neno, hata hivyo, ambalo halistahili kutetewa. Zeruzeru limeshikamana mno na imani potofu, na baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kuliepuka si suala la adabu tu bali la uhai. Lakini badala yake, “mlemavu wa ngozi”, nayo ina kasoro, kwani hueleza nusu ya jambo. Ualbino hugusa macho pia, na wengi walio nao wana uoni hafifu. Mwalimu aliyefundishwa na istilahi kwamba tatizo ni ngozi atamvalisha mtoto kofia, kisha atamketisha nyuma ya darasa, mahali asipouona ubao. Mtoto mwenye ualbino ni istilahi iliyo sahihi zaidi, nayo haimwongopei mwalimu.

Hali kadhalika, vitabu vingine huandika kwamba mtoto kiziwi “huongea kwa ishara”. Ishara ni ya kila mtu: hata dereva wa basi huitumia. Anachotumia mtoto huyo ni lugha ya alama, yenye msamiati na sarufi yake. Mjini Mwanga, chini ya milima hiyohiyo ya Upare, iko shule ya watoto viziwi. Kuiita lugha yao ishara ni kuwaambia kwamba hawana lugha.

Mwisho, vitabu hivi hupenda kufunga kwa methali “Hujafa hujaumbika”. Ni methali ya hekima, lakini humtaka msomaji ajihofie yeye mwenyewe. Hofu ya kwamba nami yaweza kunifika si heshima kwa mwenzangu.

Tunapendekeza kwa waandishi, wafasiri na wahariri mambo matatu. Kwanza, mhusika apewe jina. Pili, awe mtenda katika sentensi: achote maji, acheze bao, akosee, asamehewe. Tatu, istilahi itajwe panapohitajika maelezo tu, maana gongo limekwisha kuonekana katika picha. Istilahi nzuri tunazihitaji katika sheria, katika fomu na katika mafunzo ya walimu. Kwa mtoto wa Same aliyefungua ukurasa wa kwanza, istilahi ya heshima kupita zote ni jina la mtu.