Chumba au Vyumba? Namna ya Kupima Neno la Utafutaji Doha

Mwenye tovuti ya kupangisha vyumba kule Najma au Mansoura, Doha, ana ukurasa mmoja na maumbo mawili ya kuuandikia kichwa: "Chumba cha kupanga Doha" au "Vyumba vya kupanga Doha"? Fundi mbovu wa maneno ya utafutaji huyabandika yote mawili, kisha huyarudia chini ya ukurasa kwa maandishi madogo. Wengine bado huyaficha kwenye kile kisanduku cha maneno muhimu ndani ya msimbo, ambacho Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo.

Fundi mzuri huanza na kilichomo ndani. Anayeandika "vyumba" anataka kulinganisha: kodi kwa riyali, umbali wa kituo cha metro, kama umeme na maji vimo kwenye bei. Akifungua akakuta chumba kimoja, tena kimeshachukuliwa, anaondoka. Wingi ukitajwa kwenye kichwa, uwepo kwenye ukurasa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tafuta umoja, tafuta wingi, kisha linganisha matokeo kumi ya mwanzo. Yakiwa karibu yaleyale, Google inayaona maneno hayo kuwa haja moja. Ukurasa mmoja unatosha, nawe chagua umbo linalosomeka vizuri. Yakiachana, hizo ni haja mbili, na kila moja inastahili ukurasa wake. Lakini jaribio lifanyike kana kwamba uko Doha. Tangu Oktoba 2017 Google huyapanga matokeo kwa kufuata mtafutaji alipo, hivyo aliyeketi Nairobi akimfanyia kazi mteja wa Qatar haoni anachokiona mtu wa Al Sadd, Doha.

Takwimu za utafutaji nazo zina hila. Kwa Kiingereza, kifaa cha kupanga matangazo cha Google huweza kujumlisha umoja na wingi kapu moja, ilhali Google Trends huvitenganisha. Mshauri akikuletea hesabu za maumbo mawili zinazolingana hadi tarakimu ya mwisho, muulize amezitoa wapi kabla hujamlipa.

Kiswahili ndicho kinachomtambulisha fundi hasa. Chumba na vyumba hutofautiana mwanzoni mwa neno, na hilo kila mtu huliona. Kazi je? Nyumba je? Hayabadiliki. Idadi imejificha kwenye kihusishi cha a-unganifu: "kazi ya ulinzi Doha", "kazi za ulinzi Doha", "nyumba ya kupanga", "nyumba za kupanga". Wengi waliojifunza ufundi huu kwa Kiingereza huyafyeka maneno madogo kwa kudhani ni takataka, na hapo wanaifyeka idadi yenyewe. Nikikuta orodha ya maneno ya utafutaji ya Kiswahili isiyo na "ya" wala "za", siendelei kuisoma.

Kwenye kurasa za ajira, kulinganisha kichwa na kilichomo ndani kuna faida nyingine. Kichwa kikisema "kazi za ulinzi", halafu ndani hamna orodha, hamna jina la mwajiri, ila namba moja ya simu na ada ya kujiandikisha, tatizo si uandishi tena. Kimbia.

Kiarabu, ambacho biashara ya Doha haiwezi kukikwepa, mara nyingi hubadilisha neno tumboni: shaqqa, fleti moja, huwa shuqaq; wadhifa huwa wadhaif. Programu iliyozoea kukata herufi ya mwisho haitagundua kwamba hayo ni ndugu. Tena Kiarabu kina idadi ya tatu. Vyumba viwili ni neno moja, ghurfatayn, na ndilo linalosomeka kwenye matangazo ya fleti za namna hiyo kote Ghuba. Ukipewa ukurasa wa Kiarabu wa fleti za vyumba viwili uukague, litafute hilo kwanza. Lisipokuwapo, huenda mwandishi ametafsiri kutoka Kiingereza, na sehemu nyingine za ukurasa huo zinahitaji kukaguliwa upya na mtu anayepanga nyumba kwa Kiarabu.