Kuitetea Nota

Shahada ya uzamivu katika utunzi wa muziki hutofautiana na nyingi nyingine kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba moyo wa tasnifu yenyewe si maneno bali ni muziki: mwanafunzi hukabidhi tungo zake zikiwa zimeandikwa kwa nota, pamoja na maelezo yanayofafanua njia alizopitia, kisha huketi mbele ya watahini akaulizwa kwa nini sauti fulani ilishuka pale ambapo sikio lilitarajia ipande. Mwalimu wa kwaya anayetunga kwa do-re-mi na kuigawa kazi yake kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi huifahamu sanaa hiyo kwa mazoea na kwa kipaji, na kipaji hicho hakidharauliki hata kidogo. Uzamivu humwongezea mtunzi wajibu wa kuitetea kila nota, hata ile ambayo msikilizaji hataigundua.

Vyuo vikuu vyenyewe havikuwa vyepesi kumtambua mtunzi kuwa msomi. Milton Babbitt, mtunzi wa Marekani aliyefundisha pia hisabati, aliandika katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1946 tasnifu kuhusu mfumo wa sauti 12, yaani utaratibu wa kutunga ambamo sauti zote 12 zilizomo baina ya do ya chini na do ya juu hupewa hadhi sawa, nayo haikukubaliwa. Chuo hicho hicho kilimtunuku shahada kwa kazi hiyo mwaka 1992, baada ya miaka 46.

Kwa Afrika Mashariki, mfano wenye uzito zaidi ni Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyesomea utunzi Belfast kwa mtunzi Kevin Volans kabla ya kupata udaktari wa muziki katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Utungo wake wa fidla mbili, viola na chelo, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba, ulirekodiwa na kundi la Kronos Quartet katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992, na ugumu wa kuuhamishia muziki wa Kiganda kwenye ala hizo hueleweka vizuri kwa kuitazama kwanza amadinda.

Amadinda ni marimba ya Waganda yenye vibao 12 vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Omunazi na omwawuzi, ambao ndio wapigaji wawili wakuu, hukaa wakitazamana na kupiga kwa mwendo ule ule, ila pigo la mmoja huangukia katikati kabisa ya mapigo mawili ya mwenzake, na kila mmoja huhisi kwamba mkazo uko kwake. Kasi inapozichanganya sauti zao, sikio husikia tuni ambayo hakuna hata mmoja aliyeipiga peke yake. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya juu kabisa, na kazi yake ni kuzinasa sauti mbili za chini kabisa kila zinapojitokeza katika mchanganyiko huo na kuzirudia juu.

Anayetaka kuyaandika hayo kwa ajili ya fidla hukutana na mstari wa kipimo, ule mstari wa wima unaomwonyesha mpigaji mahali pa mkazo, na hana budi kuamua kama utakuwa wa omunazi au wa omwawuzi. Tena amadinda huugawa umbali wa do hadi do katika hatua tano zinazokaribia kulingana, ilhali mistari ya nota iliundwa kwa hatua saba zisizolingana. Shingo ya fidla, kwa bahati njema, haina vigawanyo, hivyo kidole kinaweza kuitafuta sauti iliyo baina ya nota mbili, lakini ni lazima karatasi imwelekeze mpigaji wa Marekani ambaye hajawahi kuketi mbele ya vigogo vya mgomba. Miaka ya uzamivu hupita hapo: mtunzi huandika, huwapelekea wapigaji, husikia alichokiandika badala ya alichokikusudia, hurudi mezani na kufuta, mpaka siku ambayo viola na chelo hushikana barabara, ikasikika tuni isiyomo katika karatasi ya yeyote kati yao, na fidla ya kwanza, upinde ukiwa umeinuliwa, husubiri zamu ya sauti zake mbili.