Kilo si Lita: Uzito na Ujazo wa Mafuta ya Kula katika Hati Zetu

Katika maduka ya Musoma na Bunda, mteja anayeomba mafuta ya kupima haonyeshwi mizani. Muuzaji huchota kwa kikombe chake, humimina ndani ya chupa, na biashara imekwisha. Hapo hapana kosa. Kilichouzwa ni ujazo, na pande zote mbili zinafahamu hivyo. Kosa huanza pale jambo hilo linapoandikwa.

Tumesoma mwongozo mmoja wa chakula cha wanafunzi, uliofasiriwa kutoka Kiingereza na kutumika katika shule moja wilayani Butiama. Matini asilia yanataka kila mwanafunzi apate gramu 20 za mafuta kwa siku. Mfasiri ameandika "vipimo 20", na mtunza stoo akaelewa mililita. Tusidhani kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Mafuta ni mepesi kuliko maji: lita 1 ya mafuta ya pamba au ya alizeti ina uzito wa kilogramu 0.92 hivi. Wanafunzi 400 wanastahili kilogramu 8, yaani karibu lita 8.7. Wakipimiwa lita 8, hupata kilogramu 7.36 tu. Gramu 640 zilizopungua ni posho ya wanafunzi 32. Watoto hao wamenyimwa haki yao na neno moja, wala hakuna mwizi aliyeingia stoo.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakitofautishi mambo haya. Hatukubaliani nao. Wazee wetu walipima ujazo kwa kibaba na pishi, na uzito kwa wakia, ratili na frasila. Methali husema haba na haba hujaza kibaba. Haikusema humlemea mchukuzi. Tofauti ilikuwamo katika lugha kabla ya gramu na lita kutufikia. Tatizo ni uzembe wa kalamu.

Mtego mwingine ni neno aunsi. Katika vitabu vya mapishi vya Uingereza na Marekani, jina hilo hutumika kwa uzito na kwa ujazo pia. Aunsi ya uzito ni gramu 28 hivi; ile ya ujazo ni mililita 28.4 kwa Waingereza na 29.6 kwa Wamarekani. Mfasiri aandikaye "aunsi 8 za mafuta" bila kueleza zaidi hajafasiri. Amehamisha fumbo tu.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alifasiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi (1969). Humo maisha ya mtu yanaokolewa kwa sababu maneno ya hati kuhusu kipimo yalisomwa kama yalivyoandikwa. Hati zetu za zabuni nazo zastahili kusomwa hivyo. Aliyelipia kilogramu 20 akaletewa dumu la lita 20 amepungukiwa kilogramu 1.6.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Neno "kipimo" lisisimame peke yake. Iandikwe "uzito" au "ujazo".

(b) "Kilo" iachwe katika mazungumzo. Hati ziandike "kilogramu", kwani kilo maana yake ni elfu tu, na kilolita nayo ipo.

(c) Iandikwe "aunsi ya uzito" au "aunsi ya ujazo", na kiasi chake kwa gramu au mililita kifuate.

Muuza duka ataendelea kuchota kwa kikombe chake, na mteja wake anakiona. Mwanafunzi haioni hati inayompimia chakula. Hapana budi sisi tunaoiandika tuwe waangalifu kwa niaba yake.