Mchangiaji, Mteja, Mlaji: Uhakiki wa Lugha ya Bima ya Afya

Mwaka 1993, Serikali ilipoanza kuwatoza wagonjwa katika hospitali zake, hatua hiyo haikuitwa malipo. Iliitwa uchangiaji. Tunaomba kuanzia hapo, kwa sababu katika neno hilo imefichwa hoja tunayotaka kuichunguza.

Mtu wa Litapunga, mkoani Katavi, anajua vema kuchangia ni nini. Jirani akifiwa, kila nyumba hutoa ilichonacho: huyu debe la mahindi, yule kuni, mwingine nguvu zake za kuchimba kaburi. Asiye na kitu hafukuzwi matangani. Lakini kwenye dirisha la malipo, asiye na kitu hana risiti, na asiye na risiti hapati dawa. Kuliita tendo hili kwa jina la lile ni kuazima heshima ya ujirani ili kufunika biashara. Misamaha iliwekwa, ni kweli, kwa wajawazito, watoto wadogo na wasiojiweza. Ila umaskini, tofauti na mimba, huhitaji barua ya kuuthibitisha, na barua hiyo huombwa kwa aibu.

Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001, ulikuwa jibu bora zaidi. Mkulima hulipa mara moja, baada ya kuuza tumbaku au mahindi, wala hangoji homa impige mwezi Februari ghala likiwa tupu. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilitakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Bei hiyo ilikuwa nafuu. Lakini ni nani aliyeamua kwamba kaya ni watu 6? Bibi anayelea wajukuu 8 atamwacha nani nje ya kadi?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imepiga hatua. Muswada wa mwaka 2022 ulipingwa na kuahirishwa, na mojawapo ya hoja ilikuwa fedha za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi. Sheria yenyewe imetaja vyanzo. Hapo sauti ya wananchi ilisikika, nasi hatuna sababu ya kuibeza. Hata hivyo, msimamizi aliyewekwa ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, chombo kilekile kinachosimamia bima za magari.

Liko pia Baraza la Taifa la Kumtetea Mlaji, lililoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mlaji! Neno hilo lamfaa aliyeuziwa unga ulioharibika, kwa kuwa kesho atahamia duka jingine. Anayebebwa kwa baiskeli usiku kuelekea Mpanda hana duka la pili. Hata Marekani, ambako utetezi wa mlaji ni desturi ya siku nyingi, ilibidi sheria ya mwaka 2010 iyakataze makampuni ya bima kumkataa mtu kwa ajili ya ugonjwa aliokuwa nao tayari. Soko peke yake halikumlinda.

Lakini uhakiki huu hauwezi kuishia Dodoma. Tangu mapatano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na Makanisa, sisi wenyewe tumo katika mpango huu kama watoa huduma, wenye bei na madirisha yetu. Machi 2024, kitita kipya cha malipo cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kilipozua mgogoro na hospitali binafsi, wenye kadi ndio walioachwa mlangoni. Mahubiri yetu humsifu Msamaria aliyetoa dinari mbili na kuahidi nyingine. Mara chache tumemfikiria mwenye nyumba ya wageni, aliyempokea majeruhi kwa dinari hizo mbili na ahadi tu. Hospitali zetu ndizo nyumba ile, na mishahara ya wauguzi haingoji ahadi. Tungependa kuona mkutano mkuu wa dayosisi ukizijadili bei za hospitali yake wagonjwa wakiwamo ukumbini, si kuzisoma katika taarifa ya mweka hazina peke yake.